Upana wa Tairi

Nikimsikia mtu anasema plau ni plau, ilimradi udongo umepinduka, damu inanichemka. Niliendesha trekta miaka mingi kuzunguka Bariadi, na kauli hiyo nimeisikia kwa wenye matrekta, kwa mabwana shamba waliopaswa kujua zaidi, hata kwa wakulima wenyewe waliokuwa wanaibiwa mchana kweupe. Mimi siwezi kuitamka. Najua ilimfanya nini dada yangu, na najua nani alikuwa ameshika usukani siku hiyo.

Kazi nilijifunza enzi za ushirika, kwenye kituo cha matrekta. Plau letu lilikuwa la majembe mawili ya kupindua udongo, si lile la sahani, na mwalimu wetu alikuwa mkali kama pilipili. Hukuruhusiwa kuwasha injini kabla hujashika kamba na kupima kutoka katikati ya trekta hadi ubavu wa ndani wa tairi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Sababu hata mtoto anaielewa. Trekta likilima, tairi za kulia zinatembea ndani ya mfereji uliokatwa raundi iliyopita. Jembe la kwanza linatakiwa lianze kukata pale pale penye ukuta wa mfereji huo. Tairi zikitanuka kupita kipimo cha plau, jembe halifiki ukutani, na kila raundi inaacha mgongo wa udongo mgumu usioguswa, upana wa unyayo. Ubaya ni kwamba huuoni. Udongo uliopinduliwa unauangukia na kuufunika, na ukisimama pembeni unaona shamba jeusi, limetifuka, zuri kabisa.

Soko huria lilipoingia, kituo kikafa. Trekta moja na plau lake vikanunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, mtu wa duka na godauni, nami nikaenda navyo kwa sababu hakuna mwingine aliyelijua trekta lile. Tulimwita tajiri, kama madereva wote wanavyomwita mwenye chombo. Biashara yake hasa ilikuwa kununua pamba vijijini na kuileta mjini kwa tela. Mwaka wa kwanza trekta la mwenzake lilipinduka mtoni likiwa na shehena ya pamba, naye akaja mbio kuniamuru nisukume tairi zote nje hadi mwisho, ili letu lisianguke. Kwa kubeba pamba sikubisha. Lakini mvua zilipokaribia, alitaka nifunge plau nyuma ya trekta likiwa vile vile na nikalime mashamba ya watu.

"Tajiri, tairi lazima zirudi ndani kwanza," nilimwambia. "Nipe siku moja tu."

"Siku moja ni eka ngapi?"

"Bila hivyo tutaacha migongo chini."

Alicheka. "Mkulima anaangalia juu. Chini anaangalia nani? Na asiyetaka akatafute trekta lingine, siku hizi ni ruksa."

Trekta lingine lilikuwa wapi? Hiyo ndiyo ruksa tuliyoletewa, ruksa ya kuchagua katika kimoja. Nilijaribu kusogeza plau upande wa kulia kufidia, likawa linavuta trekta pembeni hadi usukani unanitoa mabega, na migongo bado ikabaki. Nikalirudisha katikati. Nikalima hivyo kijiji baada ya kijiji, nikijiambia kwamba si shamba langu wala la baba yangu.

Kisha zamu ikafika kwa dada yangu, huko Sapiwi.

Dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mumewe naye alikufa akamwachia watoto wanne, shamba la udongo mweusi wa mbuga, na maksai wa kulimia. Josho la kijiji lilipokosa dawa, kwa kuwa dawa nayo sasa ilikuwa ya kila mtu kujitafutia, maksai wakaondoka na ndigana, homa ya kupe, mmoja baada ya mwingine. Hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza kusema kwamba mwanamke asiye na ng'ombe hawezi shamba kubwa namna ile. Wazee wa ukoo wakampa dada msimu mmoja. Akililima lote na pamba ikasimama, shamba ni lake na wanawe. Akishindwa, linakwenda kwa shemeji. Dada akauza mbuzi wake wote akakodi trekta la tajiri, na alifurahi kweli aliposikia dereva ni mimi.

Nilikwenda kwa tajiri nikamwomba upya. Nilimweleza yote, kwamba ni dada yangu, kwamba shamba lenyewe linagombewa. Alinijibu kwamba kila mtu ana dada. Dizeli alikuwa anaipima kwa kijiti ndani ya tangi asubuhi na jioni, kwa hiyo hata kurudia kulima mara mbili nisingeweza bila yeye kujua. Ningeweza kumwachia funguo zake palepale. Sikumwachia. Nilikuwa na mke na watoto, na nilikuwa mwoga, na sitaki mtu anipunguzie hilo la pili kwa ajili ya la kwanza.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma alfajiri ile, nikimwita mama kwa utani na heshima, kama mkwe. Alicheka. Kutwa nzima alitembea nyuma ya plau peku, akiokota mabonge na kuyavunja kwa vidole, akiwaonyesha wanawe jinsi udongo ulivyolala. Nilipozima injini aliniletea michembe ya viazi vitamu vikavu na karanga.

"Limelimika lote, mdogo wangu?"

"Limelimika."

"Wabeja," alinishukuru, na kwa furaha yake akanifungia michembe mingine niwapelekee watoto.

Pamba iliota kwa mistari. Palipokuwa laini ilipanda juu, na palipokuwa na mgongo ilisimama kimo cha kidole, majani ya njano, ikikauka kila mvua ilipokata siku mbili tatu. Wakati wa palizi jembe la dada likagonga pagumu na kuruka. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akauona mgongo. Akaufuata kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Kisha akapiga hatua pembeni, akafukua tena, akaukuta wa pili. Watoto wake ndio walionisimulia baadaye.

Aliita wazee waje kuona. Alichokuwa hajui ni kwamba shemeji yake alikuwa wakala wa tajiri wangu, ndiye aliyemnunulia pamba upande ule wote, na habari za migongo zilikuwa zimefika mjini kabla ya wazee kufika shambani. Tajiri aliniita dukani mbele ya wateja. "Ukitaja habari za tairi huko," alisema, "funguo utaziacha hapa mezani."

Tulisimama shambani, wazee, shemeji, dada na mimi. Dada alifukua mbele yao, akaonyesha. "Hapa hapajalimwa. Nimelipa, na hapajalimwa." Mzee mmoja akapachoma kwa fimbo yake, akasema labda udongo umeshikana wenyewe kwa jua. Shemeji hakupandisha hata sauti.

"Dereva si ndugu yake wa damu?" alisema. "Ndugu anaweza kumlimia dada yake vibaya? Muulizeni."

Wakanigeukia. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu, tairi, na nilikuwa nalo mdomoni. Dada hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniangalia kama mtu anayengoja shahidi wake aongee.

"Nililima lote," nikasema.

Wazee wakaamua kwamba palizi ilichelewa na kwamba kazi imemshinda. Wakamwachia kipande nyuma ya nyumba, cha kupanda mtama na karanga. Nasikia watu wakisema siku hizo zilikuwa ngumu, mambo yalikuwa yanabadilika, kila mtu alihangaika kivyake. Upuuzi mtupu. Mambo hayakusimama shambani pale na kusema uongo, nilisimama mimi. Na aliyenifundisha uongo wenyewe alikuwa na jina, duka na kiti cha mbele kanisani, na watu walikuwa wanamsifu kwa kutuletea maendeleo.

Msimu uliofuata tajiri aliniita asubuhi nikiwa nakunywa chai. "Kesho unakwenda kulima kwa wakala wangu, Sapiwi," alisema. "Kwanza rudisha tairi ndani. Yule ni mtu wangu, sitaki lawama."

Alisema hivyo tu, akaendelea kupima sukari ya mteja.

Nilichukua jeki na spana. Nikafungua nati, nikageuza ringi za nyuma, nikavuta ekseli ya mbele, nikapima kwa kamba kulia na kushoto kama nilivyofundishwa. Mchana nilikuwa nanawa mikono nile. Kazi ilikuwa hiyo tu, kati ya chai na ugali, na kwa kukosa kazi hiyo dada yangu alinyang'anywa shamba. Nilipokaza nati ya mwisho nilitamani kuingia dukani na spana ile. Niliiweka kwenye boksi lake.

Kesho yake nililima shamba lile lile. Usukani ulikuwa mwepesi, nautuliza kwa mkono mmoja. Jembe la kwanza lilikata kutoka ukutani bila kuacha hata kidole, na migongo yangu ya mwaka uliopita ikang'oka mabonge mabonge. Sijawahi kulima vizuri kama siku ile.

Dada alikuja saa nne. Hakunisalimia. Aliokota kijiti, akawa anatembea nyuma yangu na kukichoma kwenye udongo, hapa, pale, hatua kwa hatua, na kila mahali kilizama hadi kwenye ngumi yake. Nilipofika kwenye kona nikapunguza mwendo. Akaja hadi kwenye tairi la nyuma, akaniangalia kutoka chini.

"Kumbe kulima unajua," alisema.