Turubai la Saima Kinamasini

Saima alikuwa mfupi, na hakuna aliyemficha hilo. Kanisani miguu yake haikugusa sakafu. Lakini kwa kuchuma hilla, yale matunda ya rangi ya machungwa yanayoota kinamasini, ufupi ni mali. Warefu hurudi nyumbani wameshika viuno. Yeye anainama kidogo tu.

Na mahali pa hilla hapatajwi. Kwao mtu akienda kusini husema anakwenda kaskazini, na anayemsikia anajua ni uongo wala hachukii. Asubuhi ile Saima alimwambia mwanawe Ensio, "Nakwenda upande wa ziwa," kisha akaendesha gari akiliacha ziwa mgongoni.

Miaka yote alikwenda na mumewe Arvi. Ardhi ya kule ni maji matupu, hailaliki, kwa hiyo Arvi alikuwa anafunga vitanda vya bembea kati ya misonobari, na turubai juu yake. Saima kazi yake ilikuwa kuchemsha kahawa na kukosoa. Sasa Arvi alikuwa amelala makaburini tangu majira ya baridi, na Saima alisema hawezi kukiacha kinamasi chake kwa sababu ya fundo la kamba.

Ngurumo ya kwanza ilimkuta ameinama, ndoo imejaa. Alipoinua kichwa, wingu jeusi lilikuwa limeshafunika kule alikoacha gari. Njia ya kurudi ilikuwa mbao nyembamba zilizolazwa juu ya kinamasi kitupu, hakuna mti wa maana. Na radi hutafuta kilicho kirefu. Saima akaelewa kwamba kwenye uwanda ule, kwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye ndiye angekuwa mrefu kuliko wote.

Akakimbilia kile kisiwa kidogo chenye misonobari. Ile mirefu akaikwepa, akachagua miwili ya wastani. Akatoa mzigoni vifaa vya Arvi, akafunga kamba pale mkono ulipofika, akaning'iniza kitanda, akakaa. Makalio yakatua kwenye maji.

Akasimama juu ya ndoo ya matunda ili afike juu zaidi. Ndoo ikazama upande mmoja, naye akaanguka kifudifudi, hilla zikamwagika kwenye majani. Papo hapo upepo ukalibeba turubai, likanasa kichakani likipigapiga kama bata aliyeshikwa mguu. Alipolipata, mvua ilikuwa imeshamlowesha mpaka kwenye ngozi. Mvua ya baridi. Akamkumbuka jirani yao aliyeloa hivyo mwezi wa saba, wakamkuta chini ya mti, ameketi vizuri, kikombe mkononi, amekufa kwa baridi. Yule naye alikuwa amesema anakwenda upande mwingine. Walimtafuta huko huko alikosema.

Meno ya Saima yakaanza kugongana.

Simu ikalia mfukoni.

"Mama, redioni wametangaza dhoruba," Ensio akasema. "Uko wapi?"

"Upande wa ziwa."

"Mimi niko ziwani, mama. Gari lako halipo."

Saima akajifuta mvua usoni.

"Nasikia meno yako yanagongana. Niambie ulipo. Ngoja, usitaje kwanza. Simu yangu imeharibika, inasikika kwa spika tu, na shemeji Rauno yuko hapa garini."

Rauno, kaka wa mke wa Ensio, alikuwa mkata miti mwenye miguu ya korongo. Kila mwaka aliitazama ndoo ya Saima akasema, "Mama, hizi umeziokota ziwani?" Na kila mwaka Saima alimjibu, "Ndiyo, chini ya maji."

"Mzibe masikio," Saima akasema.

"Nimeshayaziba, mama," Rauno akajibu.

Mwanga ukapasuka, na mngurumo ukaja nao pamoja bila hata kusubiriana. Saima akajikuta amechuchumaa, simu kaikumbatia.

"Kinamasi cha Korppisuo," akasema. Ilimtoka kama jino. "Pita daraja bovu, fuata kijito."

"Tunakuja," Rauno akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ila kuna mti umelala barabarani, tutaukata kwanza. Wewe funga turubai, mama."

"Sifiki."

"Tafuta fimbo yenye panda. Zungushia mti kitanzi pale unapofika, kiache kimelegea, halafu kisukume juu kwa fimbo. Upande huu kidogo, upande ule kidogo. Kikifika, vuta, kitajikaza. Mke wangu hufanya hivyo, na kimo chake unakijua."

"Mke wako ananipita kidole kizima."

"Basi tafuta fimbo inayoipita fimbo yake."

Simu ikakatika. Saima akavunja tawi. Vidole vilikuwa havisikii tena, kitanzi kikamtoka, akakirudia huku akimtukana Arvi kwa kufa. Kikapanda. Cha pili kikapanda. Akasukuma kamba ya turubai vivyo hivyo, juu ya ile ya kitanda, akafunga ncha kwenye mizizi, akavua nguo zilizoloa, akajivingirisha blanketi iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki. Kitanda kikaning'inia. Hakikugusa maji.

Akalala humo akiona turubai likipumua karibu na pua yake. Kila mwanga ulipopita alifumba macho. Safari moja radi ikapiga kama shoka la Mungu mwenyewe, na harufu ya utomvu ulioungua ikaingia mpaka ndani ya blanketi. Aliomba, kisha akasahau maneno, akabaki kulitaja jina la Arvi.

Walipofika, mvua ilikuwa imenyamaza. Katikati ya uwanda, kando ya mbao, msonobari mmoja kibete ulikuwa umepasuliwa katikati, unafuka moshi. Haukuwa mrefu kuliko Saima.

Rauno aliutazama ule mti, akamtazama yeye, akavua kofia.

"Angalia unapokanyaga," Saima akamwambia kwa sauti iliyokwaruza. "Hizo ni hilla zangu."

Kiangazi kilichofuata alirudi peke yake. Upande wa mbali wa kinamasi ulikuwa umechumwa wote, na nyayo kubwa, za hatua ndefu kama za korongo, zilionekana bado kwenye matope. Upande wake haukuwa umeguswa. Pale kisiwani, kwenye misonobari ile miwili, palikuwa na kulabu mbili mpya za chuma, kwenye kimo cha kidevu chake, na kati yake pamechimbwa shimo lenye mfereji wa kutolea maji, ili kitanda kisiguse chini.

"Mwizi," Saima akasema, akaning'iniza kitanda.