Mijusi wa Nyuma ya Jikoni

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu filamu ya mijusi. Msimulizi alisema kuna aina ambazo watoto huthubutu kutoka kuota jua na kuwinda wadudu pale tu mama yao anapokuwa karibu. Nilimrudishia simu kabla filamu haijaisha.

Nilikuwa na miaka minane hivi, nyumbani kwetu mtaa wa Woodley. Nyuma ya jikoni kulinukia sabuni ya kufulia na majani yaliyokatwa. Kwenye ukuta wa mawe uliopata jua, mijusi watatu wadogo walikuwa wakidaka nzi, na mmoja mkubwa akiwatazama. Niliamini anawavizia awale. Nikaokota jiwe.

"Wacha wewe! Huyo ni mama yao," dada yangu Wambui alisema.

"Mama gani, na hata hawanyonyeshi?" Nikampiga yule mjusi mkubwa kwa jiwe, akafa. "Nimewaokoa!"

Wadogo walikimbilia ufa. Tulingoja mpaka jua likaondoka ukutani. Nzi walijaa tele, lakini hakuna aliyetoka.

"Sasa nani atawatoa?" Wambui aliuliza huku akilia.

"Njaa," nikasema, nikacheka.

Haikuwatoa. Siku kadhaa baadaye niliwakuta ndani ya ufa, wamekauka, wamelaliana. Wambui hakunisema kwa Mama. Afadhali angenisema.