Salamu za Daktari Pemberton

Mzee Wanjohi alikuwa amekaa katika wodi ya wagonjwa wa akili kule Croydon, ughaibuni, miaka mingi, hata madaktari wakamkatia tamaa. Kisha akaja Daktari Pemberton na vidonge vya kuchangamsha mwili, akijaribu kama vitawaondolea wagonjwa sugu huzuni.

Kila asubuhi alisimama mlangoni, hata kiti havuti, akamuuliza mzee hali.

"Nzuri," mzee alijibu, kama alivyolelewa. Mtu mzima hamwagi shida zake kwenye salamu ya kwanza. Husubiri aulizwe usingizi, chakula na watu wa nyumbani, ndipo aseme linalomsumbua. Lakini huyu akishasikia "nzuri" alikenua meno na kwenda zake. Kasoma mpaka kaota kipara, Wanjohi aliwaza, na kusalimia hajui!

Siku moja alimleta mkubwa wake, akajigamba kwamba dawa imefaulu. Wakaondoka wakipongezana.

Nesi Gakii akavuta kiti. "Umelalaje, baba?"

"Sijalala."

"Na moyo?"

"Unakwenda mbio tangu nianze vile vidonge. Mwambie daktari wako dawa yake ni kali kweli. Hata huzuni yenyewe imechangamka."