Bunduki ya Sauti Ndogo

Wiki iliyopita nilipita Darsait, hapa Maskati, kupeleka cherehani kwa fundi. Pale penye maduka ya vipuri na ghorofa za kupangisha, zamani palikuwa bonde la changarawe na migunga, na waliolizoea ni mbuzi tu. Nilimwomba dereva asimame. Akaniuliza, "Bibi, umesahau kitu?" Nikamwambia hapana, twende. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri, na nimeona bora nikuhadithie, maana katika waliokuwa wakiijua habari hii nimebaki peke yangu.

Tulifika Maskati kutoka Unguja nikiwa na miaka saba. Tulikuwa watatu, baba, mama na mimi. Tungekuwa wanne. Kaka yangu aliuawa kichochoroni nyuma ya nyumba yetu, Januari ile ya mapinduzi. Mama hakumwona akipigwa. Alikuwa jikoni, akasikia milio mitatu, basi. Tangu hapo hata mlango ukijibamiza kwa upepo, mama huangusha alichoshika.

Na Maskati ya wakati ule wanaume walibeba bunduki kama watu wa Unguja walivyobeba miavuli. Walikwenda nazo sokoni, walizitundika ukutani wakila, walizipiga hewani harusini. Sisi tulikaa Matrah, katika nyumba ya makuti ya mtende chini ya mlima. Asubuhi palinuka limau kavu na papa wa kuanikwa. Mama alipika mchuzi huku akilalamika nazi, kila siku nazi, mpaka baba akamwambia, "Basi nenda ukaipande hapo juu ya jiwe." Zilikuwa siku chache mama alizocheka, nazikumbuka zote.

Siku ya Iddi, baada ya sala, wanaume wa mtaa walisimama mstari mmoja chini ya mlima wakalenga jiwe jeupe lililowekwa mbali. Kila mtu na bunduki yake, haikuazimwa. Asiyekuwa nayo alikaa mkekani na wageni, akapewa kahawa wa kwanza. Iddi zote za mwaka wa kwanza baba alipewa kahawa wa kwanza. Shekhe wa mtaa akamwambia waziwazi, "Wewe mtu mwema. Lakini nitamdhamini vipi mtu asiyesimama na sisi?" Na bila ya mdhamini tusingeachwa tukae. Tungepakiwa tena melini, na hatukuwa na pa kwenda.

Basi baba akaenda sokoni kutafuta bunduki, akanichukua mimi. Unguja alikuwa fundi saa. Katika maisha yake hakuwahi kushika silaha. Muuzaji alikuwa mzee wa ndevu za hina, amekaa katikati ya mitutu kama muuza miwa.

"Nataka ya bei nafuu," baba akasema, "na yenye sauti ndogo."

"Sauti ndogo?" Mzee akawageukia wapagazi. "Jamani, huyu anataka bunduki au anataka paka?" Wakacheka. "Unamwogopa nani, ndugu yangu?"

"Namwogopa mke wangu," baba akajibu.

Wallahi walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Baba naye akatabasamu. Hakuwa amefanya mzaha.

Mzee akatoa kwanza bunduki kubwa ya kijeshi, imefungwa pete za fedha, nzuri mno, mimi nikaitamani. Baba hakuigusa. Akaonyesha nyembamba iliyosimama pembeni, ya kupigia kwale na sungura, kitako chake cha mti mtupu kimekwaruzika. Risasi zake zilikuwa ndogo, si kubwa sana kuliko kokwa ya tende. Kila risasi unaiingiza kwa mkono wa chuma ulio nyuma, unaunyanyua, unauvuta, unausukuma. Baba aliufanya huo mkono uende na kurudi polepole karibu na sikio lake, amefumba macho, kama alivyosikiliza saa. Akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu, akakiangalia kama kimetoka na kutu. Akaweka ukucha wa dole gumba nyuma ya mtutu upate mwanga, akachungulia ndani kutoka mbele. Akatafuta nambari ya mkono wa chuma na nambari ya mtutu, zikawa moja. "Hawa wamezaliwa pamoja," akaniambia kwa Kiswahili.

Mzee hakucheka tena. Desturi ya soko lile ilikuwa kupewa risasi tatu za kujaribu, kisha ulipe au urudishe. Akampa tatu.

Njiani baba akaniambia, "Kesho baada ya alasiri nitazipiga bonde la Darsait, nyuma ya mlima. Wewe kaa na mama yako, mwangalie uso. Akishtuka nairudisha, na mambo ya Iddi anayajua Mungu. Usinidanganye, mwanangu. Mimi nna wewe tu wa kumtuma."

Kesho yake mama alikuwa mlangoni anachagua mchele kwenye ungo. Mlio ukaja, mdogo kweli, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mikono ya mama ikasimama.

"Moja," akasema. Hakuniambia mimi.

Ukaja wa pili. "Mbili."

Kisha akangoja. Baba nadhani alikuwa analenga vizuri, maana ulichelewa. Midomo ya mama ilikuwa imepauka kama majivu. Ulipokuja wa tatu hakuuhesabu. Aliinama juu ya ungo akaendelea na kazi yake, na mimi nikaona anatupa mchele na anaacha mawe.

Baba akarudi anatoka jasho, bunduki ameifunga ndani ya mkeka. Akamwuliza mama, "Umesikia kitu huko nyuma?"

"Kitu gani?"

"Basi tu."

Akanitazama mimi. Niliogopa kupakiwa tena, hilo ni kweli. Nilichoka watoto wa jirani kutuita wageni, na hilo pia ni kweli. Lakini kuna na la tatu, nalo ni kwamba baba alikuwa ameniahidi nguo ya Iddi ya rangi ya zafarani. Nilikuwa na miaka minane, nilijua nimeona nini.

"Hakushtuka, baba."

Akakaa kizingitini akashika kichwa, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Iddi ile alisimama mstarini. Walimtania, "Bunduki ya kuku hiyo! Jiwe litajikuna tu!" Akapiga, jiwe likamegeka ubavuni. Kahawa ilimfikia wa mwisho, imepoa, akainywa kama asali. Shekhe akatudhamini. Tukakaa.

Kila Alhamisi baba alikwenda bondeni kuwinda. Na kila Alhamisi, kabla hajafika huko, mama aliweka kinu akaanza kutwanga, hata kama hakuna cha kutwanga. Majirani walimsifu kwa uchapakazi. Kwale alimpika vizuri, kwa bizari na limau, akampakulia baba, akanipakulia mimi. Yeye hakula.

Baba alifariki Al Hail, tulikohamia baadaye, mzee, kitandani kwake. Siku zake za mwisho alisema, "Jambo moja nimefanikiwa katika nchi hii. Mama yako hakuisikia bunduki yangu hata siku moja." Mama alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba. "Kweli," akamwambia, "sijaisikia." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni, na mama hakunitazama.

Baada ya hapo tulikaa wawili, mama na mimi, miaka mingi, kitanda chake na changu vinatazamana. Kila siku ilikuwa nafasi ya kumwambia kwamba nilimwona siku ile ya ungo. Sikuthubutu, kwa sababu kama angejua niliona, angejua pia nilichagua. Labda alijua toka siku ile, akanificha kama alivyomficha baba. Sitajua. Nilimzika mwezi wa Rajabu uliopita.

Nyumba za makuti hazipo, na wale wanaume wa mstarini wamekwisha mmoja mmoja. Wajukuu zao nawaona wakipita na magari, hawajui babu zao waliwahi kusimama na nani. Hao wote naweza kuwalilia. Mama ndiye nisiyejua nimlilie kwa jina gani, la mzazi wangu au la mtu niliyemuuza kwa nguo ya Iddi.