Siku Nilipofunga Springi kwa Kamba ya Katani

Jamani, hapa kwetu upande wa Sagalla, nje kidogo ya mji wa Voi, mpaka leo nikienda dukani kununua mkate lazima mtu aniulize kama ndovu wangu hajambo, na mimi nacheka nao, nifanye nini, aibu ukishaivaa mbele ya pasta na kwaya nzima huwezi kuivua. Kwa hivyo acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia hadithi ya majirani, ambayo ndani yake mimi nimeruka ua (sikuruka, nilikuwa nimelala kifudifudi).

Marehemu baba aliacha gari, saloon ya zamani sana yenye pua ndefu na taa za mviringo, na kwa miaka lilikuwa limekaa juu ya mawe huku kuku wakitaga kwenye siti ya nyuma. Baada ya mazishi mama akawa mtu wa kunyamaza. Anapika, anafua, anakwenda kanisani, lakini kucheka hakuna, na mimi nikaona dawa ni hilo gari: tulifufue, na siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tumpeleke Ronge, milimani kwenye kaburi la baba, akiwa amekaa mbele kama zamani. Nikamwahidi. Tena nikamwahidi mbele ya Baba Mdogo, ndugu yake baba, ambaye alitaka liuzwe kama chuma chakavu, kwa hivyo kurudi nyuma ikawa haiwezekani.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka springi za mbele. Hizi si za godoro. Springi ya gari haikai mahali pake mpaka ibanwe iwe fupi, na ikishabanwa inatafuta nafasi moja tu ya kutoka. Fundi Otieno, jirani yetu aliyekulia kota za reli (kwa kweli gari lote alilifufua yeye, mimi nilikuwa wa kupitisha spana na kutoa maoni), aliiweka ya kulia kwa kibanio cha skrubu mbili ndefu alichoazima Mombasa, kikarudi kwa wenyewe. Ya kushoto ikabaki. Asubuhi ya kumbukumbu alikuwa njiani anakileta tena, lori likapinduka mbele yake huko Maungu, barabara ikafungwa, akanipigia simu.

"Wakesho, hiyo springi usiiguse. Hata kwa mguu. Ngoja nifike."

"Sawa, fundi," nikasema, nikakata simu, nikaigusa.

Mnielewe lakini. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la katani, upande wa kufunga marobota. Kila siku naona mashine ikikandamiza katani mpaka rundo kubwa linakuwa dogo, tunalizungushia kamba, mashine inaachia, na robota linatulia hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Nikajiambia springi nayo ni robota tu la chuma. Nikaisimamisha sakafuni kwenye stoo, ubao juu yake, jeki ya lori juu ya ubao ikisukuma boriti ya paa, boriti ikalia, springi ikafupika, nikaifunga kwa kamba mpya ya katani, fundo letu la kazini kabisa, nikalegeza jeki. Ikatulia. Jamani, niliipiga picha!

Wakati huo wageni wameshajaa: kwaya, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, Baba Mdogo na suti yake, na pasta, aliyekuja kuliombea gari kabla ya safari. Mtu mwenye akili angesema gari bado. Mimi nikamwambia pasta imebaki kukaza nati mbili tu, aanze, nikijua maombi yake ni marefu na wote watakuwa wamefumba macho.

Pasta akaanza na uumbaji. Alipofika kwa wana wa Israeli jangwani, springi ilikuwa imeingia nusu na mimi naigonga kwa nyundo, pole pole. Sikuwa nimefikiria kwamba robota halipiti penye makali, na pale springi inapokaa pana ukingo wa chuma. Nikasikia kamba ikikwaruzwa, uzi mmoja, kisha mwingine. Nikalala chini kuokota nati iliyobingirika mvunguni mwa gari, na nati hiyo, naapa, ndiyo iliyoniachia kichwa changu.

Kitu kikapita juu ya mgongo wangu kwa kishindo, kikavuka ua, kikatoboa tangi letu jeusi lililokuwa limechoshwa na jua, na maji yote tuliyonunua yakawamwagikia akina mama na vitambaa vyao.

Sasa kwetu tangi likipasuka hakuna anayeuliza. Kiangazi kikikaza, wenye mbuga yao hutoka kutafuta maji. "Ndovu!" akapiga kelele mama mmoja wa kwaya, macho hajafumbua bado, na ibada ikaishia hapo. Pasta aliingia jikoni kwa dirisha. Baba Mdogo alipanda juu ya banda la kuku na suti yake, na kutoka huko akawapigia simu askari wa wanyamapori, akawaambia ni dume kubwa, amemwona kwa macho yake.

Ningeweza kusema, lakini nikaona ndovu ananifaa kuliko ukweli.

Askari wakafika na bunduki, wakatafuta nyayo, wakazunguka ua wote, mwishowe mmoja akaingiza mkono kwenye lile tundu la tangi akatoa springi, kipande cha kamba kikining'inia.

"Mzee," akamuuliza Baba Mdogo kwa upole, "huyu ndovu wenu huwa anaacha hii?"

Watu wote wakageuka kunitazama, halafu wakacheka, wengine huku wanakamua nguo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama peke yake hakucheka. Alikuja akaketi kando yangu kwenye matope, akashika mikono yangu, akapapasa kidole kimoja kimoja, akanigeuza kichwa kuangalia shingo.

"Nimeshazika mmoja, Wakesho," akasema. "Gari nilikuomba lini? Mimi nilitaka tu ukae na mimi."

Nililia, sioni haya kusema. Mwaka mzima nilikuwa nashinda na chuma nikidhani namtunza, na yeye alikuwa peke yake ndani, anasikia nyundo.

Tulipanda Ronge kwa pikapu ya Baba Mdogo, mama mbele, mimi nyuma na kwaya iliyolowa. Kaburini pasta aliomba kwa ufupi, macho wazi. Kisha mama akasogea, akaanza kumweleza mumewe kwa Kidawida chetu mambo ya siku hiyo, springi, tangi, dirisha la jikoni (pasta akaangalia viatu vyake), na alipofika kwa Baba Mdogo juu ya banda akashindwa kuendelea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika msalaba asianguke, na sisi sote tukasimama tu tunamsikiliza.

Springi ya kushoto iliwekwa wiki iliyofuata na Fundi Otieno, kwa kibanio kile cha kuazima, akikaza skrubu hii kidogo, kisha ile, mnyororo ameupitisha katikati endapo itamponyoka. Mimi nimeapa: katani ni ya marobota na mbuzi, na fundi akiniambia ngoja, nangoja. Siku hiyo aliniita kwa sauti nitoke nione inavyoingia, maana ilikuwa inaingia vizuri sana. Nikamwambia aendelee tu, niko na mama.