Kigelegele Nilichokipiga Msambweni

Nawaambieni nyinyi kwa kuwa hamnijui, maana Msambweni sina tena uso wa kupitia. Tulitoka Mkongani kwa miguu kwenda kuzuru kaburi la sharifu, na tukifika tusherehekee kwa pilau na dufu. Mimi malengelenge yalinibakisha nyuma.

"Dada, wewe fuata harufu ya pilau tu," akaniambia kiongozi wetu.

Magharibi ilinikuta peke yangu, nimejitanda shuka jeupe, uso umepauka kwa vumbi la barabara. Pilau ilinukia ng'ambo ya makaburi, nikakatiza humo humo. Nikatokea uani kwa watu. Wanawake walikuwa mkekani wakila kimya, dufu halisikiki. Nikadhani wamechoka kama mimi. Waliponiona, hakuna aliyetafuna tena. Furaha ikanishinda, nikapiga kigelegele.

"Nimefika jamani! Mwanasha nimefika!"

Sahani ikaanguka. Mama mmoja akainuka, machozi yakimtiririka.

"Mwanasha, mwanangu," akasema, "rudi ukapumzike. Si tumekuzika leo asubuhi?"