Pini Ngumu za Raisa Pavlivna

Raisa Pavlivna alikuwa na sheria moja kazini: ukitaka kugombana naye, subiri kwanza azime kerezo, mashine yake ya kukerezea vyuma. Alianza kukereza vyuma akiwa na miaka kumi na minane, kwenye karakana ya matrekta ya shamba la ushirika kando ya Mto Sula, na sasa alikuwa na sitini na miwili. Shamba la ushirika lilikufa, mameneja wake wakafa, mumewe Stepan naye akawafuata, lakini kerezo lile la kijani lilikuwa bado linazunguka. Vita vilipoanza na jeshi likaichukua karakana kuwa mahali pa kutengenezea mizinga iliyoletwa kutoka Norwei, kapteni mmoja alitaka kerezo litupwe aletewe jipya. Raisa alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Basi nitupe na mimi," akasema. Kerezo likabaki, na kapteni akajifunza adabu.

Kapteni huyo aliitwa Demyd, mhandisi wa Kyiv, mtu mpole aliyechoka. Alimwita "Pavlivna", kwa jina la baba yake, kama anavyoitwa mama mtu mzima anayeheshimiwa. Mafundi walikuwa sita, ila sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Lukian, fundi wa kuchomelea. Huyo nadhani alizaliwa akilalamika kwamba mkunga amechelewa.

"Kula, Lukian, supu yako ya borshi inapoa," Raisa alimwambia siku moja wakati wa chakula cha mchana.

"Nile vipi na hasira hizi? Umesikia redio? Bado wanajadili! Bunge zima huko ng'ambo limekaa, tupewe makombora au tusipewe. Miezi minne sasa. Nyumba ya jirani yako inaungua, wewe umekaa na mkeo mnajadili ndoo iwe kubwa au ndogo?"

"Si wataileta?"

"Wataileta na masharti! Maji haya mwagia chumbani tu, sebuleni usimwagie, mchomaji asije akakasirika!"

Meza nzima ilicheka, hata Kapteni Demyd. Maana utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na kila aliyekuwa pale alikuwa na kaburi la kuuthibitisha.

"Na wao wana watu wao wa kuwajibu," Kapteni alisema. "Kuna mzee huko analipa kodi, anauliza kwa nini silaha ziende kwa watu asiowajua."

"Mimi kwangu ni asante," Raisa alisema. "Mizinga ile ya Norwei, nani aliwalazimisha? Walikuwa nayo tangu mimi sijaolewa. Nilipoifungua mara ya kwanza nikakuta grisi mpya kila kona. Mtu anayetupa takataka hazipaki grisi."

"Asante, asante! Umekuwa kasuku wa asante, mama wewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala asante yako haitamfundisha."

"Hilo ni bakuli lako la pili, Lukian. Mwenye shibe ni wewe."

Asante ya Raisa haikuwa ya bure. Mwanawe wa pekee, Nazar, alikuwa mpakiaji wa makombora kwenye kikosi chenye mizinga hiyo hiyo ya Norwei. Kila mzinga ulipotoka karakanani ukiwa mzima, mafundi wote walikaa kitako kimya kwa muda, kama tufanyavyo kabla ya mtu kuanza safari, na Raisa alikuwa wa mwisho kuinuka.

Kulikuwa pia na Torleif. Huyu alikuwa fundi mstaafu wa jeshi la Norwei, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyeitunza mizinga ile tangu ujana wake. Kila Jumatano alitokea kwenye kishikwambi cha Kapteni, akiwa kwenye banda lake, akawaelekeza, na Kapteni akatafsiri. Raisa alimpenda kwa sababu hakujali sura yake ionekane. Alielekeza kamera kwenye mikono. Kila mwezi mzee huyo aliandika ripoti kwa wale wanaoamua nini kipelekwe na nini kibaki. Jambo hilo wote karakanani walilijua, na kila Jumatano walivaa ovaroli safi.

Jumanne moja mzinga uliletwa juu ya trela. Mnara wake, sehemu ya juu yenye mtutu, haukugeuka. Raisa na Lukian walifungua sanduku la gia, wakakuta meno sita yameng'oka kama ya mlevi. Katikati ya uharibifu ule kulikuwa na pini ndogo, nene kama kidole gumba, nzima kabisa, inang'aa.

Raisa aliichukua, akaigeuza mkononi. Ile pini aliikereza yeye.

Pini ya mahali pale imetengenezwa makusudi iwe dhaifu kuliko kila kitu kinachoizunguka. Gia ikikwama, pini inakatika, gia inapona. Raisa alilijua hilo. Mashine za kuvuna za shamba la ushirika zilikuwa na pini za namna hiyo. Lakini miaka yote ile ya zamani, pini laini zilikuwa hazipatikani ghalani. Ngano imeiva, mvua inakuja, meneja anafoka. Ukiweka laini itakatika tena saa nane, na nyingine huna. Basi unachukua kipande cha ekseli ya trekta, unakereza pini ngumu isiyokatika kamwe, na mavuno yanaingia ndani. Kila karakana ya nchi hii ilifanya hivyo, na fundi aliyefanya hivyo alisifiwa. Majira ya kuchipua, pini za Norwei zilipokwisha, mikono ya Raisa ilifanya ilichozoea miaka arobaini. Alikereza kumi na mbili. Aliona hata fahari.

"Ni kombora?" Kapteni aliuliza alipoinama kutazama.

"Ni mimi," Raisa alisema. "Pini yangu ni ngumu mno. Na zimebaki kumi na moja kwenye mizinga huko, moja kwenye mzinga wa Nazar."

Kapteni akasema kwa sauti ya chini, "Tutamwambia Torleif iliharibika vitani. Gia italetwa. Hizo nyingine tutazitoa kimya kimya."

"Tuweke nini badala yake? Nikikisia laini mno, zitakatika kila saa. Nikikisia ngumu, hivi hivi tena. Kipimo anacho yeye. Na kumwomba kipimo ni kumwambia."

Kwa mara ya kwanza Lukian alikubaliana na Kapteni, jambo ambalo lingefaa kuandikwa ukutani. "Pavlivna, tumia akili. Ukisema, wiki ijayo liko gazetini kwao: tumewapa mzinga, wameuvunja wenyewe. Yule mzee wa kodi atapiga meza. Hakuna gia, hakuna mzinga, hakuna kitu. Si wewe uliyekuwa unawapenda?"

"Ndiyo maana siwezi kumdanganya."

"Basi utawapenda tukiwa mikono mitupu!"

Raisa alikwenda kwenye kerezo lake, akalipangusa ingawa lilikuwa safi. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akisema, huenda mizinga ikakoma kuja, na kikosi cha mwanawe kikabaki uchi. Asiposema, siku yoyote mnara wa Nazar utakwama ukiwa umeelekea pasipofaa, na adui hasubiri. Alikumbuka wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kifo kilijua hata jina la mwanawe.

Jumatano mikono ya Torleif ilitokea kwenye kishikwambi kama kawaida. Raisa alisimama mbele ya kamera akaeleza yote: mavuno, ghala tupu, ekseli ya trekta, pini kumi na mbili, kosa ni langu. Aliongea hadi koo likakauka.

Kapteni alitafsiri kwa pumzi moja.

Mikono ya Torleif ikaondoka, uso wake ukatokea, ukiwa na huruma. Aliweka kiganja kifuani.

"Kapteni, umemwambia nini?"

"Nimemwambia."

"Mimi nimetoa mkokoteni mzima wa maneno, wewe umempa kikapu. Mbona ananionea huruma kama nimefiwa?"

Kapteni alitazama sakafu; alikuwa amesema gia iliharibika vitani. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mizinga mingi ya kutengeneza na hofu nyingi ya kuibeba peke yake.

Raisa hakugombana. Aliichukua ile pini, akaibana kwenye jiriwa ya meza ya kazi mbele ya kamera, akashika tupa na kuisugua kwa nguvu zake zote. Tupa iliteleza juu ya pini ikilia, haikung'ata hata unga. Akaonyesha pini, haina mkwaruzo. Akaonyesha gia na mapengo yake. Kisha akajipiga kifuani kwa kidole, mara mbili.

Fundi haambiwi maana ya tupa inayoteleza: chuma ni kigumu mno. Torleif alivua miwani. Halafu mzee akauliza swali fupi.

"Anauliza ngapi," Kapteni alisema, na safari hii hakupunguza kitu.

"Kumi na mbili. Moja iko kwa mwanangu."

Torleif alizungumza haraka. "Anasema zitolewe leo. Zote, leo hii, mizinga isimame mpaka zitolewe." Mzee akatoweka, akarudi na daftari lililochafuka mafuta. Akataja aina ya chuma, unene, na mfuo wa milimita moja na nusu unaokatwa katikati ya pini, mahali itakapovunjikia. Raisa aliandika kwenye kifuniko cha sanduku kwa chaki. Mwishoni mzee akasema jambo taratibu, huku akimtazama Raisa.

"Anasema chuma chako ni kizuri sana, ila hapa kizuri ni kibaya. Na anasema..." Kapteni alimtazama Raisa. "Anasema lazima aandike kwenye ripoti."

"Aandike," Raisa alisema.

Kapteni alipiga simu vikosini saa ile ile. Raisa alikereza pini laini hadi jioni, akizipima moja moja, na gari likazichukua kabla giza halijaingia. Kisha zikaja siku tisa mbaya. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Siku ya tano Lukian alimwekea kikombe cha chai kando ya kerezo, akaondoka bila kulalamika juu ya lolote. Raisa aliona kuwa sasa mambo yameharibika kweli.

Siku ya kumi gari dogo lenye namba za Polandi liliingia uani. Lilikuwa na masanduku mawili. Kapteni alikuja na karatasi mkononi, akawaita wote, akasimama kati ya mzinga na meza ya chakula.

"Ripoti ya mzee," akasema, akasoma polepole. "'Gia iliharibiwa na pini isiyofaa, iliyotengenezwa na fundi wa karakana. Hakuna aliyekuwa amegundua. Fundi mwenyewe ndiye aliyenieleza, na akanithibitishia kwa mikono yake. Nimefanya kazi na mizinga hii miaka thelathini na mmoja, na nimewahi kufichwa makosa na watu wa nyumbani kwangu. Kuna wanaouliza kama tunajua silaha zetu zinavyotumika kule. Najibu kwamba tunajua, kwa kuwa wanatuambia. Napendekeza wapelekewe gia mbili badala ya moja, na mizinga mingine minne iliyobaki ghalani.'"

Raisa alijifuta macho kwa mkono wenye mafuta, uso ukapata mistari myeusi. "Umesoma yote, Kapteni?"

"Yote, Pavlivna. Hata nukta." Akakunja karatasi. "Na unisamehe."

"Gia mbili tu?" Lukian alisema. "Tungetaja makosa mawili, wangeleta nne." Kisha akamkumbatia Raisa kwa nguvu, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

Mzinga ulipona baada ya siku tatu. Walikaa kitako kimya kama ada, kisha ukaondoka. Raisa alibaki amekaa kwenye kasha lake. Miezi yote alikuwa akiwashukuru watu wa mbali kwa chuma chao, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na woga ndani yake, kama ya mtu aliyealikwa kula akahofia kuonekana anakula sana. Sasa ule woga ulikuwa umetoka. Kuna mzee huko kwenye baridi aliyemwamini, akaweka jina lake juu ya neno la Raisa. Alimshukuru kwa sauti, peke yake, kwa lugha ambayo yule mzee asingeielewa.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, Nazar alipiga simu. Raisa alikuwa anamenya viazi.

"Mama, nina kesi na wewe."

"Kesi gani, mwanangu? Mzima?"

"Mzima. Ila hizi pini zako mpya hazifai. Jana tuko katikati ya kazi, gia imekwama, pini ikakatika pa! Tumekaa hatuna mnara, huku wanatutafuta na droni."

Kisu kilimponyoka mkononi. "Halafu?"

"Halafu nini? Nikachomeka nyingine, dakika nne, tukapiga, tukahama. Tulipokuwa tumesimama palipigwa tukiwa tumeshafika msituni." Alicheka. "Ile yako ya zamani ilikuwa haikatiki kabisa. Mbona umeharibu kazi, mama?"

Raisa alitaka kumweleza kwamba ile ya zamani ingevunja gia na kuwaacha pale pale, akashindwa. Aliketi chini jikoni, kati ya maganda ya viazi, analia na kucheka pamoja, na Nazar akawa anauliza kwenye simu, "Mama? Mama, nimesema nini?"